Kompyuta mpakato imechajiwa usiku kucha lakini haiwaki

Anzia ukutani. Chomeka chaja ya simu kwenye soketi ileile. Isipochaji, tatizo ni umeme au ekstensheni.

Soketi ikiwa nzima, chomoa chaja, toa betri kama inatoka, kisha shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30. Hapo unamaliza chaji iliyobaki kwenye bodi, ambayo mara nyingi ndiyo inayoigandisha mashine, hasa umeme ukikatika na kurudi ghafla. Rudisha chaja peke yake, uwashe. Ikiwaka bila betri, izime, rudisha betri ujaribu tena; ikigoma, betri ndiyo mbovu.

Bado? Pima chaja kwa mita ya kupimia umeme: ncha moja ndani ya pini, nyingine nje. Chaja nyingi za pini ya duara ni volti 19 au 19.5. Ukipata 12, au namba ikipanda na kushuka ukitikisa waya karibu na pini, chaja hiyo haifai. (Za USB-C hazipimwi hivi.) Ukinunua nyingine, usiangalie pini tu: volti zilingane, ampea zisipungue.

Feni inazunguka ila skrini ni nyeusi? Imulike kwa tochi. Picha hafifu ikionekana, taa ya skrini imekufa. Usipoona kitu, chomoa chaja na betri, toa RAM (kijibodi cha kumbukumbu), sugua meno yake taratibu kwa kifutio, irudishe mpaka ilie "ka". Unyevu wa Ziwa Victoria, kwa wakazi wa Kirumba au Igombe kule Mwanza, huyachafua meno hayo mapema.

Betri ikiwa imevimba, usiichaji tena wala kuitoboa. Mpelekee fundi.