Somo: Mombasa hadi Guangzhou, kilomita ngapi na saa ngapi angani

Hesabu hii ifanye kabla hujalipia tiketi.

1. Pima kwa tufe la dunia. Ramani ya ukutani hupotosha masafa. Tufe liwe la kipenyo cha sentimita 30. Bana ncha ya uzi wa kushonea juu ya Mombasa, uvute hadi Guangzhou mpaka ukaze. Ukikaza sawasawa, katikati ya njia unagusa pwani ya India karibu na Mangalore. Sentimita 1 hapo ni kama kilomita 425, na uzi utatoa sentimita 20 na ushei: kilomita 8,540 hivi. Uzi ukilegea nusu sentimita tu, umezidisha kilomita 200.

2. Sasa pima njia utakayopita kweli. Kupitia Addis Ababa ni kilomita 1,450, kisha 8,040.

3. Kila kipande kigawe kwa 850, yaani kilomita ambazo ndege huenda kwa saa moja, uongeze nusu saa ya kupaa na kutua. Cha kwanza ni kama saa 2 na robo, cha pili saa 10. Usijumlishe kilomita kwanza, maana ndege inapaa na kutua mara mbili.

4. Hapa ndipo wengi wanapopotea. Tiketi huandika saa za kila mji. Tuseme imeandikwa kuondoka Mombasa 00:40 Ijumaa, kufika Guangzhou 21:00 siku hiyohiyo. Ukitoa tu, utapata saa 20 na dakika 20. China iko mbele yetu kwa saa 5, kwa hiyo safari ni saa 15 na dakika 20, na kati ya hizo saa 3 hivi ni za kungoja Addis.

5. Hiyo 00:40 ni saa sita na dakika arobaini, usiku wa kuamkia Ijumaa. Alhamisi saa tatu na nusu usiku uwe umeshafika uwanjani. Atakayekwenda Ijumaa usiku atakuta ndege ilishaondoka usiku uliotangulia.

Maswali

– Shukran mwalimu. Nikipitia Dubai nitapunguza masafa?
Hapana. 3,675 na 5,830 ni kilomita 9,505, karibu sawa na Addis. Linganisha muda wa kungoja, hapo ndipo tofauti ilipo.

– Mbona kurudi huchukua muda zaidi?
Upepo wa juu huvuma kutoka magharibi. Ukienda unakusukuma, ukirudi unakukabili, na miezi ya Desemba hadi Februari huwa mkali zaidi. Ukirudi, gawa kwa 780 badala ya 850.

– Nimepata tiketi mbili mbalimbali, moja kwa kila kipande, kwa bei nafuu. Saa 3 za kungoja zinatosha?
Mimi singethubutu. Mara nyingi utalazimika kuchukua mzigo na kuukabidhi upya, na ndege ya kwanza ikichelewa, ya pili haikusubiri wala hawalazimiki kukupa kiti kingine. Acha saa 6 au zaidi, na uulize kwanza kama utahitaji viza ya kutoka nje kuchukua mzigo.