SOMO: Saa ya pendulamu umeihamisha ikaanza kuchelewa, haijafa

Naandika mara moja tu, atakayeuliza tena namtupia hii. Mwendo wa pendulamu (ile fimbo yenye uzito chini inayobembea ndani ya saa) unategemea urefu wake na mvutano wa dunia pale ilipo, na mvutano hauko sawa kila mahali, ikweta ni kama 9.78 na kwenye ncha za dunia 9.83 (mita kwa sekunde mraba). Mwaka 1672 Jean Richer, mnajimu wa Kifaransa aliyechunguza nyota, alifika Cayenne, Amerika Kusini karibu na ikweta, saa iliyokuwa sawa Paris ikawa inachelewa kama dakika mbili na nusu kwa siku, ikabidi afupishe pendulamu karibu milimita 3. Ndo na wewe utafanya hivohivo.

1. Itundike wima, tumia pimamaji.

2. Sikiliza tik na tok. Zikichechemea bado imekaa upande.

3. Iseti, iache masaa 24.

4. Nati ya chini ya pendulamu. Ukiipandisha pendulamu inafupika, saa inakimbia, ukiishusha inachelewa. Sasa hapa ndo nilipoharibu: nilizungusha nati pendulamu ikiwa inaning'inia na sijashika lile bonge la chini, bonge nalo likazunguka, kile kibati chembamba kinachoishikilia kule juu kikajipinda kikakatika, nikakaa wiki nzima natafuta kingine. SIMAMISHA kwanza, shika bonge kwa mkono mmoja, nati mkono mwingine. Na usiwe na pupa, pendulamu ya karibu mita moja ukibadili milimita 1 tu ni sekunde 43 kwa siku.

5. Subiri siku, rudia.

MASWALI

Mgeni77: mkuu yangu inachelewa nifanyeje?
— Hatua ya 4.
Mgeni77: nimezungusha mara kumi ndani ya saa moja haibadiliki
— Nimesema siku. Siku nzima.

Bi Tiktok: yangu ya betri, pendulamu yake haina nati
— Hiyo mara nyingi ni pambo tu, majira yanatoka kwenye kwatzi, kile kijiwe kinachotetemeshwa na umeme wa betri. Badili betri.

Mdadisi: bonge zito si litavutwa zaidi liende haraka?
— Swali zuri hili. Linavutwa zaidi kweli, ila na lenyewe ni gumu zaidi kusukumika kwa kiasi kilekile, kwa hiyo ngoma droo. Kinachohesabika ni uzito umekaa wapi. Saa ya Big Ben kule London wanaweka peni za zamani (sarafu za Uingereza) juu ya pendulamu, kitovu cha uzito kinapanda kidogo, peni moja inaiharakisha sekunde 0.4 kwa siku.

Mdadisi: na ya mkononi ya kutia ufunguo?
— Ile ina gurudumu na springi nyembamba kama unywele, mvutano ukipungua haijali. Ila gurudumu likielemea upande inajali umeilazaje, ndo maana fundi saa Breguet akasajili tourbillon 1801, kifaa kinacholizungusha gurudumu lenyewe ili kuelemea kusawazike. Ukilala ilaze uso juu, kesho ilaze kwa ubavu, linganisha.

Mgeni77: kibati kimekatika
— Ulishika bonge?
Mgeni77: bonge lipi