Namna ya Kutumia Herufi Nene za Mlazo kwenye Mabango na Matatu

Mlazo, yaani herufi zinazolalia kulia, ulipoanza kuchapwa Venice katika vitabu vya Aldus Manutius, mnamo mwaka wa 1501, ulikuwa mwandiko mwembamba wa kurasa ndogo. Na herufi zisizo na vijikia, yaani vile vistari vya kwenye ncha, zilisubiri hadi mwaka wa 1816, William Caslon wa Nne alipozitoa London. Herufi nene za mlazo zisizo na vijikia, ambazo leo zimejaa kwenye mabango ya Nairobi, zina damu ya pande zote mbili, ila kazi yake ni kusomwa kwa mbali na upesi. Zitumie kwa jina la biashara au kwa maneno matatu manne. Aya nzima ikiandikwa hivyo humchosha msomaji.

Kwanza, hakikisha kwamba fonti yako ina mlazo wake wa asili, kwa sababu programu nyingi, zikiukosa, huzisukuma tu herufi zilizosimama. Kuza herufi o na uitazame: ikiwa imevimba juu kulia na chini kushoto, huku pande nyingine mbili zimekonda, huo ni mlazo wa kulazimishwa, na kadiri herufi inavyokuwa nene ndivyo kasoro inavyojitokeza.

Kisha ijaribu kwa Kiswahili, wala usitegemee maneno ya mfano yanayokuja na fonti. Andika "Tayari", "Vyakula" na "Ng'ombe". Katika neno la kwanza, pengo kati ya T na a mara nyingi huhitaji kupunguzwa kwa mkono. Katika la mwisho, alama ya king'ong'o huweza kugusana na g au kulitenga neno likaonekana kama mawili, jambo ambalo mwenye bucha hatalipenda. Namba ya malipo ya M-Pesa iandike kwa tarakimu zilizosimama na zenye unene wa wastani, kwa kuwa matundu ya 6, 8 na 9 huzibika herufi zinaponenepa, na mteja akikosea tarakimu moja pesa huenda kwa mwingine.

Matatu ndiyo yenye mtego. Kwa kuwa nchini Kenya dereva huketi kulia, ukisimama upande wake pua ya gari iko mkono wako wa kulia, na maneno yaliyolalia kulia huonekana yakikimbia pamoja na gari. Zunguka upande wa mlango: pua sasa iko kushoto, na maneno yale yale yanaonekana yakivutwa nyuma, kama abiria aliyeshikilia kofia dirishani. Kosa hilo nililifanya kwenye gari la kwanza nililolibandika stika, na aliyeligundua ni makanga, wala si mimi. Wapo wanaozilaza herufi kushoto ili kulirekebisha, lakini jicho halikuzoea kusoma hivyo. Mimi huona afadhali kutumia, upande wa mlango, herufi zilizosimama za fonti ile ile, na kuuachia mchoro kazi ya kuonyesha mwendo.

Kuhusu ukubwa, wachora mabango wengi hukadiria urefu wa sentimita 2.5 kwa kila mita 3 za umbali, kwa hiyo bango la kusomwa kutoka mita 30 lahitaji herufi za takriban sentimita 25.

Kabla ya kupeleka kazi kwa wachapaji wa River Road jijini Nairobi, yageuze maandishi yawe michoro, la sivyo kompyuta isiyo na fonti yako itaweka nyingine bila kukuuliza. Omba neno moja lichapwe kwanza kwa ukubwa wake kamili, libandike ukutani, kisha uvuke barabara ulisome ukiwa ng'ambo, watu na magari yakipita katikati.