Wakala Asikosee Geti: Kuandika Maelezo ya Zana za Akili Mnemba

Natengeneza mifumo ya kompyuta kwa kampuni za utalii hapa Moshi, na siku hizi kazi inayoombwa sana ni wakala wa akili mnemba: programu inayosoma ujumbe wa mgeni, kisha yenyewe inachagua zana ya kutumia, iwe ya kuangalia nafasi, kutoa bei au kupanga gari. Vijana ninaowafundisha hubishana modeli ipi ni kali zaidi. Mimi huwarudisha kwenye maelezo ya zana zao, maana modeli, yaani akili mnemba yenyewe inayomwendesha wakala, haioni msimbo ulioandika. Inaona jina la zana, maelezo yake, na parameta zake (taarifa zinazojazwa ili zana ifanye kazi), basi. Usipoandika jambo hapo, itakisia.

Chukua zana ya gari. Wengi huandika hivi:

panga_gari: Hupanga gari la wageni. Parameta: geti, tarehe, saa, idadi.

Mtu wa Moshi anaelewa bila shida. Lakini anayepanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame hashukii Machame, hushukia Mweka. Wa Rongai, kule karibu na mpaka wa Kenya, hushukia Marangu. Wa Marangu ndiye anayerudi alikoanzia. Mgeni akiandika "nipo njia ya Machame, naomba gari siku ya mwisho", wakala aliyepewa neno "geti" tupu atampeleka dereva Machame, na watu waliotoka kileleni jana yake watakaa Mweka wakisubiri, miguu ikiwauma. Maelezo yangu yako hivi:

panga_gari: Humtuma dereva kupeleka au kuchukua wageni kwenye geti la mlima. Itumie safari ikishathibitishwa na namba yake ikiwepo. Usiitumie kwa uwanja wa ndege, tumia gari_la_uwanja. Dereva hupata ujumbe papo hapo, kwa hiyo pata kwanza kibali cha mgeni. Hurudisha jina la dereva na namba ya gari.

geti: mahali gari litakapokutana na wageni au kuwashusha. Chagua moja: Marangu, Machame, Mweka, Londorosi, Umbwe, Rongai. Wakati wa kushuka, wa njia za Machame, Lemosho na Umbwe hutokea Mweka. Wa Marangu na Rongai hutokea Marangu.

Ni marefu, ndiyo. Mwongozo wa Anthropic kwa watengenezaji wa programu unashauri angalau sentensi 3 hadi 4 kwa kila zana, nami nakubaliana nao kabisa. Sentensi ninayoithamini kuliko zote ni ile ya "usiitumie". Zana mbili zinapofanana, kila moja imtaje mwenzake na iseme mpaka uko wapi. Na zana inayotuma ujumbe, kukata pesa au kufuta kitu lazima iseme hivyo waziwazi, kwa sababu kwa wakala kusoma na kutenda huonekana sawa mpaka umwambie.

Sasa saa. Hapa kwetu nawasihi msipite haraka. Wateja wa Kiswahili huandika "saa mbili asubuhi", Wazungu huandika "8am", na mfumo unataka 08:00. Andika: "Saa kwa mtindo wa saa 24, majira ya Afrika Mashariki. Saa mbili asubuhi ni 08:00, saa nane usiku ni 02:00." Ongeza na tarehe, kwa kuwa baadhi ya ndege hutua usiku KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro: "Mgeni anayetua saa nane usiku wa kuamkia Jumapili, tarehe ni ya Jumapili." Tarehe yenyewe itake kwa mpangilio wa mwaka, mwezi, siku, mfano 2026-03-04, la sivyo Mmarekani atasoma 03/04 kuwa tarehe 4 Machi na wewe utasoma tarehe 3 Aprili.

Kwenye gari_la_uwanja, "uwanja wa Arusha" unaweza kumaanisha ule wa Kisongo au KIA, ulio kati ya Arusha na Moshi. Weka chaguo mbili tu, ARK (Kisongo) na JRO (KIA), na ueleze kila moja ni upi. Mgeni asipoeleweka, wakala aulize.

"Idadi" nayo ni ya nani? Wapandaji, au pamoja na waongoza wageni, mpishi na wapagazi? Jina idadi_ya_wapandaji linamaliza ubishi kabla ya maelezo. Bei: taja sarafu, na kama VAT imo.

Kisha ujumbe wa makosa, ambao wengi huusahau. Wakala huusoma na kuamua afanye nini baadaye, hivyo "Kosa 400" haumsaidii. Mwandikie: "Safari hii ni ya njia ya Machame na gari ni la kushuka. Geti sahihi ni Mweka. Jaribu tena na geti: Mweka."