Namna ya kuitazama filamu bubu The Sheik ya 1921 leo

Usikimbilie nakala ya kwanza utakayoikuta. Ukiona watu wanatembea kama wamekanyaga moto, achana nayo: filamu bubu nyingi zilirekodiwa chini ya fremu (picha) 24 kwa sekunde, na ukizicheza kwa kasi ya leo hata busu linageuka kichekesho. Tafuta iliyorekebishwa. Simu weka mbali, maana maongezi yote ni ya kusoma.

Halafu mkazie macho Rudolph Valentino, nyota wa filamu, anayecheza sheikh Ahmed. Anapoyatoa macho na kukenua meno yote, mimi hucheka, sikatai. Ila akitulia na sigara yake, bila kufanya lolote, ndipo utaelewa kwa nini alivuma vile.

Kwenye hadithi usiwe mpole. Ahmed anamteka Diana, msichana wa Kiingereza, nasi tunatakiwa tuuite utekaji huo mapenzi. Hapana! Subiri mwisho: inafichuliwa kwamba “Mwarabu” huyo ni mtoto wa Mwingereza na Mhispania, ili watazamaji wa enzi zile wasiudhike na mapenzi ya Mwarabu na Mzungu. Hapo isimamishe, mjadiliane.

Una jioni moja tu? Anza na mwendelezo wake, The Son of the Sheik ya 1926; Valentino anacheza baba na mwana, na mwenyewe anajitania kidogo.