Bwawa dogo shambani: maliza mambo ya maji na vibali kabla eskaveta haijafika

Wengi wanaita eskaveta kwanza, kibali baadaye, na hapo ndo pesa inapoteketea, maana bwawa ukishalichimba pasiporuhusiwa unaweza kuambiwa ulifukie kwa gharama zako mwenyewe. Anza na maswali mawili tu: maji yanatoka wapi, na yakizidi yanaenda wapi? Ukiwa na majibu yake, mambo ya ofisini yanakuwa mepesi kwa sababu ndo hayohayo watakayokuuliza.

Maji ya mvua yanayotiririka kwenye ardhi yako mwenyewe kwa kawaida ndo yenye usumbufu mdogo. Ukitaka kuziba kijito au kuchepusha mto, hata ule wa msimu, ujue umeshaingia kwenye sheria za maji, maana huko chini kuna watu na mifugo wanaoyategemea, na sehemu nyingi maji kupita shambani kwako hakuyafanyi yawe mali yako. Kinamasi ndo kigumu kabisa. Panavutia kwa sababu pana maji tayari, ila sehemu kama hizo zinalindwa sana, mimi ningetafuta pengine kabla ya kuanza kubishana na ofisi.

Hesabu sasa. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1, kwa hiyo mvua ya milimita 50 ikinyesha kwenye mteremko wa mita za mraba 10,000 ni lita 500,000, lakini mengi yanazama ardhini njiani hivo usipange kama vile yote yatafika. Ujazo wa bwawa unaukadiria hivi: eneo la uso mara kina kirefu zaidi mara 0.4. Bwawa la mita 20 kwa 15 lenye kina cha mita 3 linabeba kama mita za ujazo 360, yaani lita 360,000. Na usipende upana ukasahau kina, jua linakula maji kupitia juu, bwawa pana la kina kifupi linakauka mapema mno.

Kabla hujalipia fomu yoyote pima udongo. Chimba shimo la majaribio mpaka kina unachotaka, lijaze maji jioni, asubuhi ukaangalie. Yakiwa yameisha, mfinyanzi ni mdogo, utahitaji kuleta mwingine au kutandika turubai la bwawa, na hiyo inabadilisha bajeti yote.

Ukienda ofisini anza na ya serikali ya mtaa au kijiji, waulize ni ofisi zipi zinahusika: maji, mazingira, mipango ya ardhi, na uvuvi kama utafuga samaki, maana samaki wana kibali chao na aina za kigeni wakati mwingine hawaruhusiwi kabisa. Mara nyingi kuna kiwango cha kimo cha tuta (ukingo wa udongo unaozuia maji ya bwawa) au ujazo ambacho ukiwa chini yake hulazimiki kuomba, waulize kiwango hicho na waombe jibu kwa maandishi, la mdomo halitakusaidia afisa akibadilishwa. Beba hati ya umiliki na mchoro, hata wa mkono, unaoonyesha mipaka, vipimo, mteremko, chanzo, nyumba na vyoo vya karibu, mabomba na nyaya za chini, na maji yakizidi yanapotokea. Majirani wa chini waone mchoro huo kabla ya ofisi jamani, malalamiko yao ndo yanayochelewesha vibali kuliko kitu kingine.

Kwenye mchoro usisahau utoro, yaani njia ya maji yaliyozidi. Uwe pembeni, kwenye ardhi asilia, sio juu ya tuta ulilojaza, na uoteshwe nyasi, kwa sababu maji yakipita juu ya tuta la udongo yanalikata na likibomoka yote yanashuka kwa mkupuo kwenye nyumba za watu. Tuta lenyewe lishindiliwe kwa tabaka nyembamba, upande wa maji ulale mita 3 kwenda nje kwa kila mita 1 ya kimo, na miti isipandwe juu yake kwani mizizi ikioza inaacha vinjia vya maji. Uzio wa kuzuia watoto uuweke kwenye bajeti ileile ya uchimbaji.

Kibali kikitoka soma masharti na tarehe ya mwisho wake kabla ya kupanga siku ya kuchimba, halafu nakala umpe dereva wa eskaveta awe nayo akija.