Mtoto mfupi kwa umri wake: kipimo cha homoni ya ukuaji kiwe cha mwisho, sio cha kwanza

Mara nyingi naletewa mtoto mfupi kuliko wenzake, na mzazi kashika karatasi ya homoni ya ukuaji iliyopimwa asubuhi moja tu, imeandikwa 0.4, nyumba nzima haijalala. Jamani, namba hiyo peke yake haisemi kitu. Homoni hii inatoka kwa mafungu, na mengi ni usiku mtoto akiwa amelala, mchana hata mtoto mzima kabisa unaweza kumkuta karibu na sifuri. (Kichanga aliyeshuka sukari hiyo ni habari nyingine, kwake damu ile ya wakati sukari iko chini ina maana sana.)

Hatua ya 1, pima urefu vizuri. Hapa ndo watu wengi wanaharibu. Viatu vitoke, nywele zilizofungwa juu zifunguliwe, visigino na matako viguse ukuta, macho yatazame mbele, pima mara tatu uchukue wastani. Mimi mwenyewe niliwahi kumtisha mama wa watu kwamba mtoto kasimama kukua, kumbe ile mara ya kwanza tulimpima na raba zake!

Hatua ya 2, weka kwenye chati na urudie baada ya miezi 6 hadi 12. Kipimo kimoja ni picha, unachotaka ni mwendo. Kati ya miaka 4 na balehe, mtoto anayeongeza chini ya sentimita 5 kwa mwaka mwangalie kwa makini, na anayeshuka kutoka mstari mmoja wa chati kwenda mwingine ananitia wasiwasi kuliko yule mfupi anayefuata mstari wake bila kuyumba.

Hatua ya 3, wapime wazazi, usiwaulize, maana akina baba huwa wanajiongezea. Kwa mvulana, urefu wa mama ongeza 13, jumlisha na wa baba, gawa kwa 2. Kwa msichana, toa 13 kwa baba, jumlisha na wa mama, gawa kwa 2. Baba 172 na mama 153, mvulana wao analenga 169, juu au chini sentimita 8 na nusu hivi.

Hatua ya 4, ondoa sababu nyingine kwanza: picha nzima ya damu, figo, ini, tezi ya shingo, kingamwili za ugonjwa wa siliaki (utumbo kuumizwa na ngano). Msichana mfupi apimwe kromosomu hata kama anaonekana hana shida, maana Turner, yaani msichana kukosa kromosomu moja ya X au sehemu yake, hujificha sana. Piga na eksirei ya mkono wa kushoto uone umri wa mifupa, na muulize kama anaumwa kichwa, haoni vizuri, au aliwahi kupigwa mionzi kichwani.

Hatua ya 5, pima IGF-1, protini ya damu ambayo ini huitoa likiamrishwa na homoni ya ukuaji. Hii haipandi na kushuka ovyo kutwa nzima, ila utapiamlo unaishusha, na kwa watoto wadogo huwa chini tu kiasili, kwa hiyo soma kwa umri.

Hatua ya 6, sasa ndo kipimo cha kuchochea homoni ya ukuaji itoke. Mtoto anafunga usiku kucha, anapewa dawa kama klonidini, arginini au glukagoni, damu inatolewa kila nusu saa kwa saa mbili au tatu. Klonidini inashusha presha na kuleta usingizi, asiondoke kabla hujampima presha tena. Insulini inaweza kushusha sukari vibaya, kama huna timu iliyozoea iache. Kwa kawaida tunataka mtoto afeli majaribio mawili yote, yaani homoni isipande vya kutosha, na mpaka wa kufeli ni kati ya 7 na 10 kwa mililita, nanogramu hizo, kutegemea mashine ya maabara. Mtoto mnene anaweza kufeli bila kuwa na upungufu, vilevile yule aliyechelewa balehe, ndo maana wengine huwapa homoni za jinsia siku chache kabla.

Akifeli kweli, MRI ya tezi ya pituitari, ile iliyo chini ya ubongo inayotoa homoni hii, ifanyike kabla ya sindano ya kwanza ya homoni ya ukuaji, maana uvimbe hausubiri.